Protini za damu na kisukari aina ya pili: upime ipi, kwa swali gani

Mtu akiambiwa sukari yake iko mpakani, kinachofuata huwa ni kuuliza: sasa nipime nini kingine? Orodha ya maabara ni ndefu. Kuna HbA1c, fruktosamini, insulini, peptidi C, SHBG, CRP, na katika maabara chache, adiponektini. Zote ni protini au vipande vya protini vilivyomo kwenye damu, na zote zimeonekana kwenda sambamba na kisukari aina ya pili au na usugu wa insulini. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba zinafanya kazi moja, na kwamba ukichukua ile mpya zaidi umepata iliyo bora zaidi. Sivyo. Kila moja ina swali lake, na baadhi zitakujibu swali ambalo hukuuliza.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Usugu wa insulini ni hali ambayo misuli, ini na tishu za mafuta haziitikii insulini ipasavyo. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa muda mrefu, hata miaka kumi na zaidi, sukari hubaki ya kawaida. Kisukari aina ya pili huingia pale seli beta za kongosho zinaposhindwa kuendelea kufidia. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na sukari safi na usugu mkubwa, na mwingine anaweza kuwa na kisukari cha miaka mingi na insulini iliyokwisha shuka. Kipimo kinachomfaa wa kwanza kinaweza kumpotosha kabisa wa pili.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni swali ambalo kipimo kinajibu. Je, kinaonyesha sukari imekuwa juu kiasi gani, au mwili umekuwa sugu kiasi gani, au kongosho lina nguvu kiasi gani, au hatari ya miaka ijayo ikoje? Cha pili ni muda unaoonekana: protini nyingine hubeba habari za miezi, nyingine za wiki, nyingine za dakika chache tu kabla sindano haijaingia mkononi. Cha tatu ni kama kuna mpaka uliokubaliwa, yaani namba ambayo daktari yeyote, popote, ataisoma kwa namna ileile. Cha nne ni vitu vinavyokipotosha.

Cha tano ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote: je, jibu litabadilisha chochote? Kama likija juu utafanya mambo yaleyale ambayo ungefanya likija chini, basi damu hiyo haikuhitaji kutolewa.

HbA1c

*Inajibu nini.* Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Muda wote huo hemoglobini iliyo ndani yake inakutana na sukari, na sukari hiyo hunata juu yake kidogo kidogo. Sukari ikikaa juu, asilimia ya hemoglobini iliyonatwa nayo hupanda. Ndiyo maana watu hukiita kipimo cha miezi mitatu, ingawa mwezi wa karibuni peke yake huchangia karibu nusu ya jibu. Aliyegundua kwamba wagonjwa wa kisukari wana hemoglobini ya namna hii nyingi kuliko wengine ni Samuel Rahbar, akifanya kazi Tehran mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kitumike kugundua kisukari, na si kufuatilia tu wale waliokwisha gundulika.

*Namba zake.* Asilimia 6.5 au zaidi (sawa na 48 kwa vipimo vya mmol/mol) ni kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani huhesabu 5.7 hadi 6.4 kuwa hatua ya kabla ya kisukari. Wataalamu wengine huanzia 6.0. Kwa mtu asiye na dalili, jibu moja la juu halitoshi. Linahitaji kuungwa mkono na jibu la pili, la kipimo hichohicho au la sukari ya kabla ya kula. Katika orodha hii nzima, hiki ndicho kipimo pekee chenye mpaka uliokubaliwa duniani kwa kugundua ugonjwa.

*Kinachokipotosha.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna watu wengi wanaopewa jibu lisilo lao. HbA1c inategemea umri wa chembe nyekundu. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe hizo huishusha, kwa kuwa sukari haikupata muda wa kunata: ugonjwa wa selimundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kuvunjika kwa damu kwa sababu nyingine, kutoka damu nyingi, kuongezewa damu, sindano za erithropoyetini (homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu) kwa wagonjwa wa figo. Ujauzito nao huishusha. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume: huipandisha bila sukari kupanda, na mgonjwa akianza vidonge vya chuma inaweza kushuka hata kama hakubadilisha chochote katika ulaji wake.

Hata anayebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, asiyeumwa chochote, huweza kupata HbA1c iliyo chini kidogo ya hali halisi ya sukari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina moja ya kinasaba cha G6PD, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha HbA1c kiasi cha kuweza kuficha kisukari. Waandishi wake walikadiria kwamba asilimia 2 hivi ya Wamarekani weusi wenye kisukari wangeweza kukosa kugunduliwa kama HbA1c ingetumika peke yake. Kwa mtu ambaye ukoo wake una vinasaba hivi, hili ni jambo la kumwambia daktari kabla ya kipimo, si baada.

Kuna njia rahisi ya kugundua kwamba namba inadanganya. HbA1c ya 7.0 inalingana na wastani wa sukari wa takriban 8.6 mmol/L (154 mg/dL), na ile ya 6.0 inalingana na 7.0 mmol/L (126 mg/dL). Chukua mtu ambaye mashine yake ya nyumbani inamwonyesha 9 na 10 mara kwa mara, asubuhi na jioni, kisha maabara inampa HbA1c ya 5.8. Hesabu hazikutani. Kwa 5.8 wastani ungekuwa karibu 6.6. Mtu huyu asipongezwe. Atafutiwe kipimo kingine.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima yeyote asiye na tatizo la damu anayetaka kujua kama ana kisukari au kama matibabu yanafanya kazi. Hahitaji kukaa na njaa, na jibu haliyumbi kwa sababu ya mlo wa jana. Haimfai mjamzito anayechunguzwa kisukari cha ujauzito. Huyo anahitaji kipimo cha kunywa sukari.

Fruktosamini na albumini iliyonatwa na sukari

*Zinajibu nini.* Swali lilelile la HbA1c, lakini kwa dirisha fupi. Sukari haichagui hemoglobini peke yake. Hunata pia kwenye protini za majimaji ya damu, hasa albumini. Fruktosamini hupima protini zote za namna hiyo kwa pamoja, na albumini iliyonatwa hupimwa kama asilimia ya albumini yote. Kwa kuwa albumini haidumu kama chembe nyekundu, picha unayopata ni ya wiki mbili hadi tatu.

*Namba zake.* Maabara nyingi huweka fruktosamini ya kawaida kati ya 200 na 285 µmol/L, na albumini iliyonatwa kati ya asilimia 11 na 16 hivi, lakini hakuna mpaka uliokubaliwa kimataifa wa kusema huyu ana kisukari na huyu hana. Japani wanaitumia albumini iliyonatwa sana kuliko nchi nyingine. Kwingineko huenda daktari wako hajaiagiza hata mara moja.

*Kinachozipotosha.* Chochote kinachocheza na albumini: figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, ini lililochoka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeanza kuvujisha protini anaweza kupata fruktosamini nzuri kwa sababu mbaya.

*Zinamfaa nani.* Mwenye selimundu au upungufu wa G6PD, aliyeongezewa damu hivi karibuni, au aliyebadilishiwa dawa wiki tatu zilizopita na hataki kungoja miezi mitatu kujua kama zinasaidia. Naona zinapuuzwa mno. Kwa hao wa kwanza, fruktosamini pamoja na mashine ya nyumbani huweza kusema ukweli ambao HbA1c haitausema kamwe.

Insulini ya kabla ya kula, na hesabu ya HOMA-IR

*Inajibu nini.* Hiki ndicho kipimo kinachogusa usugu wenyewe. Wazo ni rahisi: kama kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi ili kuiweka sukari mahali pake, basi mwili ni sugu. Insulini peke yake haitoshi, kwa hiyo mwaka 1985 David Matthews na wenzake wa Oxford walitoa hesabu inayoiunganisha na sukari: insulini (kwa µU/mL) mara sukari ya kabla ya kula (kwa mmol/L), gawanya kwa 22.5.

Tazama watu wawili ambao wote sukari yao ya asubuhi ni 5.4. Ukisoma sukari tu, wote ni wazima. Wa kwanza ana insulini 5: 5.4 mara 5 ni 27, gawanya kwa 22.5 unapata 1.2. Wa pili ana insulini 18: 5.4 mara 18 ni 97.2, gawanya kwa 22.5 unapata 4.3. Kongosho la huyu wa pili linatoa zaidi ya mara tatu ili kupata matokeo yaleyale. Hakuna HbA1c itakayokuonyesha tofauti hiyo leo.

*Namba zake.* Hesabu ilipangwa ili kijana mwenye afya apate karibu 1. Kutoka hapo kwenda juu makubaliano hupungua. Watafiti wengi wameweka mpaka mahali fulani kati ya 2 na 3, na mpaka huo hutegemea watu waliopimwa na mashine iliyotumika. Vipimo vya insulini vya maabara tofauti havijasawazishwa kama HbA1c ilivyosawazishwa. Insulini ya 14 kwenye maabara moja inaweza kuwa 10 kwenye nyingine kwa damu ileile. Ukitaka kujifuatilia, baki maabara moja.

Angalia pia kizio kilichoandikwa kando ya namba kwenye karatasi. Maabara nyingine hutoa insulini kwa pmol/L, ambayo ni takriban mara sita ya µU/mL. Ukiichukua namba hiyo na kuiingiza moja kwa moja kwenye hesabu utapata usugu wa kutisha ambao haupo.

*Kinachoipotosha.* Mambo mengi, kwa sababu insulini huishi dakika chache tu kwenye damu. Hupungua kwa nusu ndani ya dakika 4 hadi 6. Ukinywa chai ya sukari njiani, ukipanda ngazi kwa haraka, ukilala vibaya, namba husogea. Sampuli nayo ina tabia zake: chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu huachia kimeng'enya kinachokula insulini, na jibu hushuka. Majimaji ya juu kwenye chupa yakiwa na rangi ya waridi badala ya njano hafifu, fundi mwangalifu ataomba damu nyingine. Wanaotumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha waseme mapema, maana vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine.

Kuna kundi ambalo hesabu hii haina maana kwalo kabisa: anayejidunga insulini. Kipimo hakimfai pia mwenye kisukari cha muda mrefu, kwa kuwa kongosho likichoka insulini hushuka, HOMA-IR inashuka nayo, na karatasi inaonekana kana kwamba mtu amepona.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye sukari ya kawaida ambaye kuna sababu ya kushuku usugu: mwanamke mwenye ovari zenye vifuko vingi, mwenye ini lenye mafuta, mwenye weusi wa ngozi shingoni au kwapani, mwenye wazazi wote wawili wenye kisukari. Lakini mtu akishakuwa na weusi wa shingoni, kitambi, trigliseridi (mafuta ya damu) zilizo juu na HDL (kolesteroli nzuri) iliyo chini, usugu umekwisha jitangaza. HOMA-IR hapo inathibitisha kinachoonekana kwa macho. Kipimo cha dhahabu, kile cha kumwekea mtu insulini na sukari kwenye mishipa kwa saa kadhaa, kimebaki kwenye vituo vya utafiti tangu kilipoelezwa mwaka 1979.

Peptidi C

*Inajibu nini.* Kongosho hutengeneza insulini kama mnyororo mmoja mrefu, kisha hukata kipande cha katikati chenye amino asidi 31. Kipande hicho ndicho peptidi C. Kwa kila molekuli ya insulini inayotoka, hutoka na moja ya peptidi C. Faida yake ni kwamba ini, ambalo huimeza karibu nusu ya insulini kabla haijafika kwenye damu ya mwili mzima, haliigusi sana peptidi C, na hukaa kwenye damu dakika 20 hadi 30. Zaidi ya yote, insulini ya sindano haina peptidi C. Kwa hiyo hata anayejidunga unaweza kujua kongosho lake mwenyewe linatoa kiasi gani.

*Namba zake.* Chini ya 0.2 nmol/L (kama 0.6 ng/mL) ni upungufu mkubwa, na huelekeza kwenye aina ya kwanza, ambayo kinga ya mwili huharibu seli beta. Zaidi ya 0.6 nmol/L (kama 1.8 ng/mL) huelekeza kwenye aina ya pili, hasa kama miaka mitatu au zaidi imepita tangu mtu agundulike. Katikati ni eneo la kutafakari pamoja na kipimo cha kingamwili zinazolenga seli beta, kwa mfano zile dhidi ya kimeng'enya cha GAD.

*Kinachoipotosha.* Figo ndizo zinazoiondoa, kwa hiyo figo zikidhoofika hupanda. Pia lazima sukari ipimwe kwa wakati uleule. Peptidi C ya chini mtu akiwa na sukari ya chini haimaanishi chochote, kwa kuwa kongosho lenye afya nalo lingenyamaza.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima aliyeambiwa ana aina ya pili, lakini anakonda haraka, vidonge havimsaidii, au hana mwili wala historia inayolingana na aina ya pili. Kwake kipimo hiki kinaweza kuokoa maisha, kwa sababu aina ya kwanza inayotibiwa kwa vidonge peke yake huishia kwenye sumu ya asidi mwilini. Nikiulizwa ni kipimo gani ambacho kinapaswa kuagizwa mara nyingi zaidi kuliko kinavyoagizwa, nitataja hiki.

SHBG

*Inajibu nini.* Ni protini inayotengenezwa na ini, na kazi yake ni kubeba homoni za uzazi. Ini lenye mafuta na usugu hutengeneza kidogo. Ikiwa chini, hatari ya kisukari aina ya pili huwa juu, kwa wanawake na kwa wanaume. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani ulikwenda hatua mbele: ulitazama vinasaba vinavyopandisha au kushusha SHBG tangu kuzaliwa, ukakuta navyo vinaendana na hatari. Hilo linaipa SHBG nafasi ambayo viashiria vingi havina, kwamba huenda inashiriki katika safari yenyewe na si kuiona tu ikipita.

*Namba zake.* Kiwango cha kawaida hutofautiana kwa jinsia na umri. Hakuna namba ya kugundulia kisukari.

*Kinachoipotosha.* Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha sana, na ujauzito vivyo hivyo, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Testosteroni ya sindano huishusha.

*Inamfaa nani.* Mara nyingi huwa imekwisha pimwa kwa sababu nyingine, kwa mfano kwa mwanamke anayechunguzwa hedhi isiyo na mpangilio au mwanamume anayechunguzwa testosteroni. Kama ipo kwenye karatasi na iko chini, isipitwe. Iwe sababu ya kupima sukari.

Adiponektini

*Inajibu nini.* Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na ilishangaza kwa sababu hutengenezwa na seli za mafuta lakini hupungua mafuta yanapoongezeka, hasa yale ya tumboni. Walio na nyingi wana hatari ndogo ya kisukari. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliokusanya tafiti 13 zilizofuatilia watu kwa miaka ulionyesha hivyo katika makundi ya asili mbalimbali. Hata hivyo, tafiti za vinasaba zilizofuata kwa sehemu kubwa hazikuunga mkono wazo kwamba kupungua kwake ndiko kunakoleta kisukari.

*Namba zake na kinachoipotosha.* Hakuna mpaka wa kitabibu. Wanawake wana nyingi kuliko wanaume. Figo na moyo vikishindwa hupanda, na hapo kuwa nayo nyingi si habari njema tena. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, nayo huipandisha.

*Inamfaa nani.* Watafiti, kwa sasa. Mtu binafsi akiipata chini ataambiwa aongeze mazoezi na apunguze kitambi, ushauri ambao mkanda wa kupimia kiuno ungempa.

CRP, ikipimwa kwa mashine inayoona hata kiwango cha chini

*Inajibu nini.* Ini huitoa kunapokuwa na uvimbe mwilini, yaani mwili unapojihami dhidi ya maambukizi au jeraha, na tishu za mafuta zilizojaa huchochea uvimbe wa chinichini usiokoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya wanawake wa Marekani ulionyesha kwamba walioanza na CRP ya juu walipata kisukari zaidi miaka iliyofuata. Tafiti za vinasaba hazijaonyesha kwamba CRP yenyewe ndiyo mkosaji.

*Namba zake.* Mipaka iliyopo ni ya hatari ya moyo: chini ya 1 mg/L ni ndogo, 1 hadi 3 ni ya kati, zaidi ya 3 ni kubwa. Zaidi ya 10, tafuta maambukizi, kisha rudia baada ya wiki chache.

*Kinachoipotosha.* Karibu kila kitu: mafua, jino bovu, jeraha, malaria, baridi yabisi.

*Inamfaa nani.* Anayepima hatari ya moyo na daktari wake, ambaye kisukari ni sehemu ya hesabu hiyo. Kwa swali la kisukari peke yake, ni dhaifu.

Na zile zinazotangazwa kuwa za kesho

Kuna fetuini-A, protini ya ini inayozuia kipokezi cha insulini. Kuna IGFBP-1, ambayo insulini huizima ini lisiitoe, kwa hiyo hushuka insulini inapokuwa nyingi. Kuna feritini, ambayo hupanda pamoja na mafuta ya ini, na pia kwa uvimbe na kwa chuma kilichozidi. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa Benki ya Kibiolojia ya Uingereza uliopima protini karibu 3,000 kwenye damu ya watu wapatao 54,000, na kazi za namna hii zimeonyesha kwamba protini nyingi sana husogea miaka kabla ya kisukari kugundulika. Nyingi kati ya hizo hutoka kwenye ini na kwenye mafuta, jambo linalotukumbusha ugonjwa huu unaanzia wapi. Matumaini yangu juu ya kazi hii ni makubwa. Lakini muuzaji akikuletea leo orodha ya protini ishirini na alama moja ya jumla, mwulize mpaka wake uliwekwa kwa watu gani, na kama watu wa asili yako walikuwemo.

Uchague kwa kutazama hali yako

Kama hujawahi kupimwa na unataka tu kujua kama una kisukari: HbA1c au sukari ya kabla ya kula, na ikiwa mojawapo iko juu, thibitisha. Sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa, ni kisukari. Insulini haiingii hapa.

Kama una selimundu, hata ya kubeba kinasaba tu, au upungufu wa G6PD, au damu yako imekuwa pungufu: anza na sukari yenyewe, ya kabla ya kula au ya kipimo cha kunywa sukari, ambacho mpaka wake ni 11.1 mmol/L baada ya saa mbili. Kwa kufuatilia matibabu, omba fruktosamini au albumini iliyonatwa, mradi figo na ini viko sawa.

Kama sukari ni ya kawaida lakini dalili za usugu zipo na unataka namba ya kuanzia, ili uone baada ya miezi sita ya mazoezi na kupunguza uzito kama kuna kilichosogea: insulini na sukari za asubuhi kwa pamoja, kisha HOMA-IR, maabara ileile, siku usiyoumwa. Hapa jibu lina thamani kwa sababu utalilinganisha na lako mwenyewe.

Kama una kisukari na umeanza kujiuliza kama ni aina uliyoambiwa: peptidi C na sukari ya wakati huohuo, pamoja na kingamwili. Usiache dawa wala insulini ukisubiri jibu. Na kama unakonda, unatapika, unapumua kwa kasi au una kiu isiyokatika, hilo si suala la kuchagua kipimo. Nenda hospitali leo.

Kama una mimba: kipimo cha kunywa sukari kwa ratiba ya kliniki, hata kama HbA1c imetoka nzuri.

Kama kisukari ni cha miaka mingi: HbA1c, na kwa ajili ya figo, kriatinini na albumini ya kwenye mkojo. HOMA-IR haina cha kukuambia hapa.

Na kama tayari unayo karatasi yenye SHBG ya chini, CRP ya 4 au adiponektini iliyopigwa mstari mwekundu, na sukari hujawahi kupima, basi anza na sukari. Mpelekee daktari karatasi nzima, pamoja na orodha ya dawa zako zote, vidonge vya nywele na vya uzazi wa mpango vikiwemo, tarehe ya mara ya mwisho ulipoumwa au kuongezewa damu, na majina ya ndugu wa damu wenye kisukari, selimundu au upungufu wa G6PD.